Funika sufuria, kisha ungoje

Bukavu, mashariki mwa Kongo, iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na mvua ikishanyesha jioni, upepo wa Ziwa Kivu unapenya hadi mifupani. Saa hiyo kwetu Kadutu hakuna anayeuliza tutakunywa nini. Mbabula, jiko letu la makaa, inawashwa, sufuria inapanda.

Kwa miaka mingi nilipika mchaichai vibaya. Nilitupa majani kwenye maji, nikayaacha yatokote nusu saa bila kifuniko. Nyumba nzima ilinukia, lakini kikombeni hamkuwa na ladha. Siku moja mama mkwe aliingia jikoni, akanusa, akaniambia: "Mukamwana, chai yote umewapa majirani." Alisema kweli. Ile harufu ya ndimu inatokana na mafuta mepesi yaliyo ndani ya jani, nayo huondoka na mvuke.

Sasa nachukua mashina matano kutoka ukingoni mwa kiwanja, ambako tulipanda mchaichai ili ushike udongo wa mteremko. Naosha vizuri. Sehemu nyeupe ya chini naiponda kwa mchi mara mbili tatu mpaka ipasuke, majani nayafunga fundo. Maji nayaacha yachemke kabisa kwanza, maana ya bidoni hayaaminiki na kipindupindu tunakifahamu. Kisha napunguza makala, natia mchaichai na kufunika. Kifuniko changu kimepinda, kwa hiyo nakiwekea jiwe juu. Dakika kumi. Ukifunua, usiyamwage yale matone yaliyoshika ndani ya kifuniko. Yarudishe sufuriani, ndiyo yenye harufu kuliko yote.

Ukishamimina, ngoja tena. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Mimi napuliza, nazungumza kidogo na watu wa nyumbani, ndipo nakunywa.

Mchaichai hauna kafeini, ndiyo maana nawapa hata watoto usiku. Chai ya majani, ile inayolimwa hapa hapa Kivu, ni ya asubuhi. Naipenda sana, ila siinywi pamoja na chakula tena: inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagi na sombe, yaani majani ya muhogo. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu wangoje kama saa moja baada ya kula. Tangawizi inatuliza kichefuchefu. Mimba zangu mbili za mwanzo ziliniachia ushahidi wa kutosha.

Lakini kuna jambo linaloniuma hadi leo. Mtoto wangu wa pili alipopata homa, nilimnywesha mubirizi, ule mmea mchungu wa dawa, na chai ya mmea wa artemisia kwa siku mbili, nikiamini namtibu. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Kipimo kilionyesha malaria, na muuguzi akaniuliza kwa upole kwa nini nimechelewa. Sikuwa na jibu.

Ni kweli dawa za malaria zimetoka kwenye mimea. Artemisinini inatoka kwenye artemisia, na miti ya kinini imelimwa Kivu tangu enzi za Wabelgiji. Ila kiwandani dawa hupimwa. Sufuriani hujui umetoa kiasi gani. Leo majani yana nguvu, kesho hayana, na dozi ndogo inawaacha vijidudu hai, vikizoea dawa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia kama tiba ya malaria. Mama mwenzangu, homa ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo.

Yule mtoto sasa ana miaka tisa. Akiumwa, tunapanda kituo cha afya kwanza. Tukirudi, anameza vidonge vyake vyote kama alivyoandikiwa, na pembeni namwekea kikombe cha tangawizi na asali, kilichokwisha kupoa kidogo.