Draya inazunguka ila haitoi joto: usikimbilie kununua koili

Mkuu, umesema draya yako ya umeme (mashine ya kukausha nguo) hapo Texas inazunguka vizuri na taa zinawaka, ila baada ya saa nzima nguo zinatoka baridi na mbichi vilevile. Usinunue kitu kwanza. Mimi niliagiza koili mpya (ule waya unaotoa joto), nikashinda Jumamosi nzima nimelala sakafuni nafungua skrubu, na nguo zikabaki mbichi. Koili ya zamani ilikuwa nzima!

Draya za umeme za Marekani zinatumia volti 240, yaani laini mbili za volti 120. Mota inatosheka na laini moja, koili inazitaka zote mbili. Laini moja ikikatika, pipa litazunguka kama kawaida na utaapa umeme upo. Kwangu breka pacha (swichi mbili zilizoungana kwenye boksi la umeme, moja kwa kila laini) ilikuwa imekata upande mmoja, ingawa kwa macho vishikio vyote viwili vilikuwa juu. Izime kabisa mpaka isikike "ta!", kisha iwashe. Ikikata tena, usilazimishe, ita fundi umeme. Angalia pia kitufe kisiwe kwenye hewa baridi (shemeji aliniamsha usiku kwa hilo).

Breka ikiwa sawa, chomoa plagi ukutani ndipo ufungue mashine. Chomoa nyaya za koili, pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) ukiiweka kwenye ohmu, kipimo cha ukinzani: koili nzima husoma kama ohmu 10 hivi. Isiposoma kitu, imekatika. Pima na fyuzi ya joto, kale kadude kadogo kenye nyaya mbili kanakokata umeme joto likizidi. Nzima husoma karibu na sifuri. Ikishaungua hairudi, ni kubadilisha tu.

Ila fyuzi haiungui bure. Wakati mwingine yangu iliungua, nikaibadilisha, baada ya miezi mitatu ikaungua tena. Ndipo nikaivuta draya na kuchomoa bomba la kutolea hewa. Yalitoka manyoya ya nguo rambo zima, yameshikana kama sufi ya mto, na kile kifuniko cha nje ya nyumba kilikuwa hakifunguki kabisa. Joto halikuwa na pa kutokea. Nikasafisha, nikatupa lile bomba laini la foili, nikaweka la bati gumu. Mpaka leo fyuzi ni ileile.

Kuna jamaa atakuambia uunganishe waya uiruke fyuzi. Usithubutu, hayo manyoya yanashika moto kama petroli.

Ukishapima, rudi uandike ohmu ulizoona, tuendelee.