Mbegu Ilikuwa Sugu, Mbona Kutu Imerudi?

SWALI: Mtaalamu shikamoo. Mi nauza chapati hapa Igoma, Mwanza, na shemeji yangu analima ngano kule Hanang. Waliambiwa mbegu yao haishikwi na kutu, sasa msimu huu mabua yamejaa ungaunga mwekundu kama matofali, ukipita shambani suruali yote inabadilika rangi. Anadai kauziwa mbegu feki, ni kweli? Na ngano ya hivyo ikisagwa nikawapikia wateja haitawadhuru?
Mama Chapati, Igoma

JIBU: Marahaba mama. Mbegu feki zipo sibishi, ila shemeji asiende kumkaba muuza mbegu kwanza, maana mbegu inaweza kuwa ileile kabisa na kilichobadilika ni ukungu wenyewe. Hiyo ni kutu ya shina, nayo ina aina kibao. Mbegu nyingi zinazoitwa sugu zilitegemea jeni moja tu, yani kipande kimoja cha urithi wa mmea, ya kuutambua huo ukungu, ni kama nyavu ya matundu makubwa, sangara utampata ila dagaa wanapita zao. Ikitokea aina ambayo jeni haiitambui basi ndo hiyohiyo inazaana shamba zima, na upepo unaibeba mpaka nchi ya pili.

Aina ya kutu ya shina inayoitwa Ug99 ndo mfano wake. Ilionekana Uganda 1998, ikaivunja jeni ya Sr31 iliyokuwa inategemewa karibu dunia nzima, 2001 ikawa Kenya, 2003 Ethiopia, kwetu ikathibitishwa 2009. Watu wakajishikiza kwenye jeni nyingine, Sr24, haya, 2006 huko huko Kenya ikatokea ndugu yake ambaye hata hiyo anaipita!

Mi kinachonishangaza ni ilivyozaliwa. Seli ya kutu ina viini viwili vinavyobeba jeni zake, na mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa kiini kimoja cha Ug99 kinakaribia kufanana kabisa na cha kutu ya zamani ya kusini mwa Afrika, yani kutu mbili zilikutana zikapeana viini bila hata kujamiiana.

Kwa hiyo shemeji aache kurudia mbegu moja kila mwaka, amuulize bwana shamba mbegu yenye jeni kadhaa za ukinzani kwa pamoja, na dawa ya ukungu apige akiona tu vidonda vya kwanza kwenye bua, akisubiri hadi suruali iwe nyekundu kachelewa.

Chapati pika tu mama. Kutu inasinyaza punje, haimpi mtu sumu, na ngano nyingi tunayokula nchini inatoka nje hata hivyo.