Protini "huingiliana" au husokotana?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu neva. Niliandika: "Protini huingiliana na kusababisha kutolewa kwa kemikali." Mwenzangu kazini akacheka, eti watu watafikiria mambo mengine. Nimekosea? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwenzako hakucheka bure, habari za mahakamani zimeshaliharibu neno hilo. Hata hivyo ratiba mbili huingiliana kila siku na hakuna anayeona haya. Mimi nalilaumu kwa jambo jingine: halisemi kilichotendeka. Kiswahili kina kitenzi kwa karibu kila kazi ya mikono, na protini hizi hufanya kazi kama za mikono.

Tazama mwisho wa seli ya neva. Ndani kuna vifuko vidogo vyenye kemikali za kupeleka ujumbe. Kwenye kifuko imejichomeka protini iitwayo sinaptobrevini. Kwenye utando wa seli zipo mbili, sintaksini na SNAP-25. Zinapokutana, nyuzi zake nne (SNAP-25 hutoa mbili) hujizungusha pamoja kuanzia ncha za mbali, zikizidi kukaza kuelekea kwenye utando, hadi kifuko kinavutwa na kugusana nao. Hapo mtu wa pwani hatakuuliza mara mbili: ni kusokotana. Si kusukana, maana ukili na nywele husukwa kwa kupishanisha, bali kamba husokotwa.

Msokoto huo huishia njiani, ukisubiri. Protini ya nne, sinaptotagmini, ndiyo inayonusa kalsiamu. Umeme wa neva ukifika na kalsiamu ikaingia, hunasa kalsiamu hiyo na mambo humalizika katika muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo "kusababisha" ni kitenzi kizembe mno. Huu ni mtego uliokwisha kutegwa, na kalsiamu huufyatua. Angalia usiandike "huutegua": anayetegua mtego anauzuia usifyatuke. Nimeona kosa hilo hata kwa waandishi wazoefu.

"Kutolewa" linafaa, ingawa mimi napenda "kumwagwa". Ila usije ukasema kifuko "hupasuka". Utando wake huungana na utando wa seli, tundu likafunguka, vilivyomo vikamwagika nje. Baadaye protini nyingine, NSF, husokotoa ule msokoto ili nyuzi zitumike tena. Sokota, sokotoa, tega, tegua: kiambishi kimoja kidogo kinageuza tendo zima, nawe ulikuwa unakiacha kabatini.

Ukitaka mfano ambao wasomaji wako wanaujua, wape pepopunda. Sumu yake hukata sinaptobrevini katika neva zinazotuliza misuli, kwa hiyo kamba haisokotwi, kemikali ya kutuliza haimwagwi, na misuli inakakamaa. Hapo pia, kitenzi ni kukata, si "kuathiri".

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Protini za kifuko na za utando husokotana na kukivuta kifuko hadi kwenye utando; kalsiamu ikiingia, mtego hufyatuka na kemikali humwagwa nje." Ni ndefu kuliko yako, lakini mwenzako hatapata pa kuchekea.