Kijani kinaacha meno kwa nywele, nirekodi na nini?

Swali. Yaya wa montaji, jambo. Niko Goma, huku Katindo, tunapigaka video za kwaya na salamu za ndoa mbele ya kitambaa cha kijani. Nikifika kwa montaji nafuta kijani niweke picha ingine nyuma, lakini pembeni ya nywele na vidole kunabakia meno kama ya msumeno. Kamera yetu inaandika AVCHD, ile aina ya faili ya video ya kubanwa, kwa kadi. Rafiki mmoja anasema ninunue kale kadude ka USB kanaingiza HDMI kwa kompyuta, mwingine anasema nikodi rekoda ya nje, wa tatu anasema niweke kamera kando nipige na simu ya 4K. Pesa iko ya mara moja tu yaya, niiweke wapi?

Jibu. Mudogo wangu, vizuri umeuliza mbele ya kununua, wengi wananiandikiaka pesa ikishaenda.

Meno hayo hayatoki kwa programu ya montaji, yalishaandikwa kwa kadi. Macho ya mtu yanaona mwanga vizuri kuliko rangi, kwa hiyo kamera ikitaka faili iwe ndogo inatupa rangi, na hiyo njo wanaita 4:2:0, AVCHD iko hivyo. Picha yako ni nukta 1920 kwa 1080, lakini rangi yake ni 960 kwa 540 tu, nukta nne zinagawana rangi moja kama watoto wane kwa sahani moja ya bugali. Ukionyesha video ya kawaida hakuna atakayejua. Lakini kufuta kijani ni kazi ya rangi, programu inauliza kila nukta wewe ni kijani ao si kijani, na nukta zinajibu nne nne kwa pamoja, unywele mmoja hauwezi kujisemea. Ongeza na ile kubana faili kwenyewe, AVCHD ya zamani haipiti megabiti 24 kwa sekunde, basi mtu akirusha mikono vidole vinakuwa uji.

Kale kadude ka USB, kama ni ka USB 2.0, acha. Fanya hesabu na mimi: picha ya 1080 ya 4:2:2 (ile inabakisha nusu ya rangi, siyo robo), fremu 25 kwa sekunde, bila kubanwa ni karibu megabiti 830 kwa sekunde. USB 2.0 hata kwa karatasi inafika 480. Itapitia wapi sasa? Ni lazima kadude kaibane tena njiani, mara nyingi kwa MJPEG, ile inabana kila fremu kama foto peke yake, kwa hiyo unatoka kwa kubana huku unaingia kwa kubana kule. Kwa kurusha ibada moja kwa moja kanafaa kabisa, siyo kwa kazi yako hii.

Rekoda ya nje njo dawa yenyewe. Kamera nyingi zinatoa picha kwa HDMI mbele ya kuibana, rangi ikiwa 4:2:2, yaani 960 kwa 1080, mara mbili ya ile ya kadi. Rekoda kama Atomos Ninja inaidaka pale na kuiandika kwa ProRes 422, faili ya montaji isiyobanwa sana, karibu megabiti 122 kwa sekunde kwa fremu 25. Jiandae tu kwa nafasi, saa moja ni kama gigabaiti 55, diski ya mkopo haitatosha. Na sikia vizuri hapa, juu watu wanakosea sana: picha iwe ile ya moja kwa moja wakati mwimbaji amesimama mbele ya lensi. Ukishaandika kwa kadi halafu ukaicheza tena ikitoka kwa HDMI hujapata kitu, rangi ilishatupwa, hairudi. Mbele ya kulipa kodi, chomeka kamera yako kwa televizyo uangalie kama alama za betri na saa zinatoka na zenyewe. Kama haziondoki kwa menyu, rekoda itaziandika zote na utakuwa na betri kwenye kichwa cha soprano.

Lakini yule wa simu si mjinga, pengine njo mwenye akili kati yao watatu. 4K ya 3840 kwa 2160 nayo ni 4:2:0, ila robo ya rangi yake ni 1920 kwa 1080. Ukitoa klipu ya mwisho kwa 1080, kila nukta imepata rangi yake. Bure! Masharti: usikate picha kuivuta karibu, weka ubora wa juu kabisa wa kurekodi, zima ile kazi ya kulainisha uso na kunoa picha, juu kunoa kunachora mstari mweupe pembeni ya mtu na huo mstari haufutiki. Anza na hiyo wiki hii, pesa yako ibaki mfukoni. Nywele zikiendelea kusumbua, kodi rekoda kwa siku moja, usinunue.

Na taa mudogo, taa. Mwimbaji asimame kama metre mbili mbele ya kitambaa, kijani kisimrudie kwa masikio. Kitambaa kipate taa zake, kipigwe pasi, na kikung'utwe, hapa kwetu vumbi nyeusi ya volkano inaingia kila mahali na kila doa ni rangi ingine kwa programu. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo shata, ule muda kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, iwe sekunde 1/50 ao 1/100, ukiweka 1/60 taa zingine zinapepesa kwa picha. Kwaya yenye kucheza sana, 1/100, vidole vinakaa safi.

Swali. Mimi ni mama wa kwaya, Bukavu, Ibanda. Kitenge chetu cha sare kina majani ya kijani, kijana wa kamera anasema tushone ingine. Kweli?

Jibu. Hapana mama, msishone. Akodi kitambaa cha bulu cha kuweka nyuma yenu, programu ifute bulu na majani yenu yabakie. Kijani tunakipenda juu sensa nyingi, kile kipande cha ndani ya kamera kinapokea mwanga, zina nukta mbili za kijani kwa kila moja nyekundu na moja bulu, mpango wa Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ni ya 1976, kwa hiyo bulu itachafuka kidogo zaidi gizani. Aongeze taa tu. Na mwenye kilemba cha bulu siku hiyo akiache nyumbani.