Siasa ya mkutano wa kijiji

Wapo wanaouliza kama wanaofanya kazi na vijana na jamii waingie kwenye siasa au wabaki kutoa huduma tu. Mimi niko Tukuyu, wilayani Rungwe, Tanzania, na jibu langu ni kwamba wamo tayari, wapende wasipende. Sisemi siasa za vyama. Mtumishi wa umma hatakiwi kupigia chama debe kazini, na hilo ni sawa. Nasema siasa ya shamba ni la nani na nani anathubutu kuuliza.

Chukua parachichi. Huku Rungwe, na Njombe nako, zao hilo limepandisha thamani ya mashamba, na ardhi ikipanda bei mjane huanza kuambiwa arudi kwao. Afisa anayekuja kumfundisha mjane huyo ujasiriamali na kutengeneza sabuni, huku mashemeji wanahamisha mipaka, anamsaidia nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi na lenye watu 7, lazima liwe na wanawake 3. Wanaoyajua hayo vijijini ni wachache, na mara nyingi si wajane.

Nimemwona kijana aliyeajiriwa na asasi moja ya kiraia akiifanya kazi hii inavyotakiwa. Hakuhutubia. Jioni alikaa na mabinti na madereva wa bodaboda, wakasoma sheria kifungu kwa kifungu, wakapangiana nani aulize nini. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mapato na matumizi yaliposomwa mbiombio, binti mmoja akanyoosha mkono akaomba risiti za tofali za zahanati. Kelele! "Nani kakutuma?" Kijana yule alikuwa amekaa nyuma kabisa, kimya, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Angesimama yeye, ingekuwa ugomvi wa asasi na serikali ya kijiji, na siku akihamishwa mambo yamekwisha. Risiti zililetwa mkutano uliofuata, ingawa si zote.

Waajiri ndio kikwazo. Mwezi ukiisha wanataka karatasi ya mahudhurio yenye saini. Binti aliyeuliza risiti hana pa kuandikwa. Na simu ikipigwa kuuliza nani anachochea watu, wa kwanza kuitwa ofisini ni yule kijana. Asasi inayotaka wafanyakazi wake wapinge uonevu iandike kwenye mkataba kwamba kwa kazi hiyo hawatafukuzwa.