Huduma ya vijana: tuhesabu nini?

Usharika wetu hubariki vijana wengi wa kipaimara, lakini wiki chache baadaye hatuwaoni. Tumekosea wapi? (Mzee wa kanisa, Moshi)

Mzee wangu, shikamoo. Wakati wa mafundisho kijana ana daftari la mahudhurio, mwalimu anayemuulizia na siku anayoisubiri. Akishawekewa mikono na keki ikaliwa, vyote vinakoma kwa mpigo. Chukueni orodha ya kipaimara ya mwaka juzi, mpite jina kwa jina na kuandika pembeni: yuko kwaya, yuko bweni, kahamia Dar, anasali kanisa lingine, hatujui. Hesabuni hao wa "hatujui". Anayesali kwingine hajapotea, ingawa najua baraza litanuna. Halafu angalieni waliobaki wanafanya nini. Mara nyingi utakuta huyu anapiga kinanda, yule anashika mitambo, mwingine anafundisha shule ya Jumapili. Wabarikiwa wa mwaka huu wapeni kazi kabla hawajavua suti.

Sadaka ya vijana imepanda. Si dalili ya kukua?

Ni dalili kwamba mfukoni kuna kitu. Mwanafunzi anayetoa mia mbili umhesabu vipi?

Kwenye semina ya Pasaka walionyoosha mikono walizidi mia. Mfadhili anataka idadi ya waliookoka. Niandike mia?

Andika "walionyoosha mikono", maana ndicho ulichokiona. Baadhi yao walinyoosha Pasaka iliyopita pia. Ifikapo Agosti mtumie idadi ya pili: walio kwenye vikundi vya Biblia mpaka sasa. Itakuwa ndogo. Itume hivyohivyo.

Mimi ni mwenyekiti wa UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo) shuleni, kidato cha sita. Tumebaki wachache, wengine wamefuata vikundi vyenye muziki mkubwa. Nimeshindwa?

Mwanangu, katika Yohana 6 wengi walirudi nyuma, hata Yesu akawauliza wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili, kama nao wanataka kwenda. Ila usijifiche nyuma ya sura hiyo: waulize waliotoka, pengine vipindi vyenu vinachosha kweli. Kisha soma 2 Timotheo 2:2. Mstari mmoja una vizazi vinne: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa nao. Wewe unamaliza shule karibuni. Je, yupo wa kidato cha tano anayeweza kuongoza kipindi Ijumaa hii wewe ukiwa umekaa nyuma kimya? Kama hayupo, chagua mmoja umwachie Ijumaa ijayo, hata akitetemeka.