Fundi, gemu inaganda ikifika dakika ya 20: nilipie "busta"?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mwanga, hapahapa Kigoma, na nina mwezi wa pili tangu nifungue kibanda cha gemu. Nina PS3 mbili na kompyuta moja ya mezani ya mtumba, prosesa ya i5 (ubongo wa mashine) na RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya GB 8. Nimeifunga kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti niliyouziwa na jamaa mmoja kwa 180,000. Alinionya nisiguse draiva, ile programu inayoiendesha kadi, eti nikiibadilisha kadi itakufa. Gemu ya GTA V ikianza inakwenda vizuri, ikifika kama dakika ya 20 inaganda, inaachia, inaganda tena. Wateja wananicheka. Kuna fundi anataka 40,000 aniwekee busta ya gemu, programu ya kuongeza kasi, aongeze RAM kwa programu na kupandisha grafiki hadi Ultra, ubora wa juu kabisa, anasema picha kali ndiyo inayovuta wateja. Nimlipe? Halafu, ninunue gemu ndefu za masaa 100 au fupi zinatosha?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo 40,000 usiitoe. Kama umeshaitoa, kaidai leo, kesho utaambiwa amehamia Kasulu.

Mashine za namna hii nimeletewa tatu wiki hii, na zote tatu zilikuwa zimeshapita kwa mtu wa busta. Nilijiapiza kutolizungumzia tena jambo hili, nikaona nimechoka. Basi na liwe.

Tuanze na hizo dakika 20, maana jibu la nusu ya swali lako limo humo. Mashine isiyo na uwezo haingoji dakika 20, inalemewa tangu unapobonyeza kuanza. Inayoanza vizuri kisha ikachoka inachemka. Prosesa kama yako ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua, na kadi hufanya hivyo hata kabla ya kufika huko. Ikipoa kidogo inarudi, ikichemka inapunguza tena. Ndiyo hiyo "inaganda, inaachia" yako. Sijakiona kibanda chako ila nakijua: bati bila dari, mlango unatazama barabara ya vumbi, kompyuta imekaa chini sakafuni imebanwa na ukuta. Zima, chomoa waya, fungua kava. Puliza vumbi lote huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke. Kile chuma chenye mapezi juu ya prosesa kifungue, chini yake kuna pesti ya kupitisha joto ambayo kwa mashine ya mtumba huwa imekauka kama ukoko wa ugali. Ifute, paka mpya kiasi cha punje ya njegere, rudisha. Pandisha mashine juu ya meza na uiache ipumue. Kazi ya saa moja, na huhitaji kumlipa mtu, hata mimi.

Sasa busta.

Watu wameaminishwa kwamba RAM ikiwa tupu ndipo mashine inakuwa nyepesi, na busta kazi yake kuonyesha mshale mwekundu ukishuka hadi kijani, "GB 2 zimeachiwa", mteja anatabasamu. Hebu mfikirie mama ntilie. Kapanga mezani pake chumvi, vitunguu, mafuta ya mawese, mwiko, kila kitu karibu na jiko. Anakuja kijana mmoja mwenye bidii za kijinga, anazoa vyote na kuvirudisha sokoni ili meza ionekane safi. Meza nyeupe kweli. Lakini kila mama akitaka chumvi inabidi aende soko la Mwanga na kurudi. Windows huitumia RAM iliyo wazi kuweka karibu vitu ambavyo gemu itavihitaji baada ya muda mfupi. Busta inavitupa, gemu ikivitaka inalazimika kuvisoma upya kwenye diski, na ile diski ya kuzunguka ya kompyuta ya mtumba haina haraka. Kwa hiyo mtu analipia kuganda zaidi.

Cha maana pekee ambacho baadhi ya busta hufanya ni kufunga programu nyingine zilizofunguka. Hilo bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, orodha ya programu itafunguka, funga kivinjari chenye kurasa 30 za Simba na Yanga, umemaliza. Bure.

Na "kuongeza RAM kwa programu" ndiko kunakonikera kuliko yote. RAM ni kitu cha kushika mkononi, kina urefu kama wa kiganja. Anachofanya huyo fundi ni kukata kipande cha diski na kukiita RAM, jambo ambalo Windows inajifanyia yenyewe tangu siku ulipoiwasha. Ni sawa na kuambiwa shamba lako limeongezeka ekari kwa sababu umechorewa ramani kubwa.

Kuna ubaya mwingine usioonekana. Busta hizi huja kwenye flashi, pamoja na gemu zilizovunjwa kufuli, na hatua ya kwanza ya fundi huwa ni kuzima kinga ya virusi "isitusumbue". Nimefungua mashine za watu nikakuta humo programu zinazochimba sarafu za mtandaoni usiku kucha, feni inalia, mwenye kibanda anashangaa uniti za LUKU zinakwenda wapi. Mashine ya kibanda huwa pia ina barua pepe yako na akaunti za wateja wako. Fikiria hilo kabla hujamwachia mtu kiti chako.

Hiyo habari ya Ultra nayo ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kukaa kibandani. Mchezaji halipii picha anayoitazama. Analipia kile anachokihisi kidoleni: amebonyeza, imepiga. Skrini nyingi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16.7 ya kuandaliwa. Ukitaka picha, au fremu, 30 kwa sekunde unaipa kila moja milisekunde 33.3. Ukiiwekea mashine yako Ultra itaangukia katikati, tuseme 45, na hapo ndipo pabaya: picha nyingine inakaa skrini zamu moja, nyingine zamu mbili, mwendo unapata kigugumizi. Fremu 30 zilizotulia zinapendeza kuliko 45 zinazoyumba. Watu hawaniamini mpaka niwakalishe waone.

GTA V hiyohiyo ilipotoka 2013 kwenye PS3 kama hizo ulizo nazo ilikuwa ya mistari 720, ikilenga fremu 30, na iliingiza dola bilioni moja ndani ya siku tatu. Sijasikia mtu aliyedai pesa yake kwa sababu nyasi hazikuwa za Ultra. Kinyume chake, gemu ya Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na picha za kuvutia kwenye matangazo, lakini kwenye PS4 ilikuwa inaganda na kuanguka kiasi kwamba Sony waliitoa kwenye duka lao la mtandaoni siku chache baadaye, wakarudishia watu pesa, ikarudi dukani Juni 2021. Kampuni kubwa yenye mamia ya wataalamu haikuweza kuficha kigugumizi kwa urembo. Wewe utawezaje kwa busta?

Kwa hiyo shusha. Nenda kwenye mipangilio ya GTA V, nyasi ziweke chini kabisa, hizo na ile MSAA ya kulainisha kingo ndizo zinazokula mashine kuliko unavyodhani. Vivuli viweke kati. Ubora wa nakshi za kuta na nguo uache juu kama kadi ina GB 4 za kweli (tutafika hapo). Ikiwa bado haitulii, toka 1920 kwa 1080 uende 1280 kwa 720. Ya kwanza ina nukta 2,073,600 za kuchorwa kila picha, ya pili 921,600, umeipunguzia kadi zaidi ya nusu ya mzigo. Mteja aliyekaa mita mbili kutoka kwenye TV hatajua.

Na kwa kuwa umetaja TV, au hukuitaja lakini najua unayo: ingia kwenye mipangilio yake ya picha, tafuta hali ya gemu (Game Mode), iwashe. TV nyingi huchukua muda kuipamba picha kabla ya kuionyesha, mtu anapiga shuti na mpira unaondoka baadaye, lawama inaangukia padi. Nimeona mwenye kibanda akinunua padi nne mpya kwa ugonjwa ambao tiba yake ilikuwa kitufe kimoja cha rimoti.

Sasa nirudi kwenye kadi, maana kuna neno umelipitia haraka na mimi limenikaa kooni. Jamaa kakwambia usiguse draiva. Muuzaji wa kadi halali hana sababu ya kuogopa draiva ya NVIDIA, kampuni inayotengeneza chipu za kadi hizi. Anayeogopa ni aliyeuza kadi iliyochakachuliwa. Huchukuliwa kadi kuukuu, mara nyingi GTX 550 Ti ya 2011 au GTS 450 ya 2010, ikaandikwa upya ndani ili ijitambulishe kwa Windows kuwa 1050 Ti, ikapachikwa stika mpya na feni inayong'aa. Kizazi hicho NVIDIA iliacha kukitolea draiva mpya 2018, ndiyo maana ukiweka draiva rasmi ya 1050 Ti skrini inakuwa nyeusi, na muuzaji anakuwa ameshajikinga kwa kusema alikuonya.

Mwanamke anayenunua migebuka pale Kibirizi hatazami magamba yanavyong'aa. Anafunua shavu aone damu. Nawe funua. Geuza mashine utazame nyuma ya kadi: kuna lile tundu la bluu la VGA, la waya wa skrini za zamani? Kizazi cha 1050 Ti hakitoi kabisa mawimbi ya VGA, kwa hiyo ukiliona tundu hilo kwenye kadi yenyewe, karibu hakika umepigwa. Usichanganye na la ubao mama, hilo liko mbali kidogo na ni la kawaida. Kama hulioni, pakua programu ya GPU-Z kwenye tovuti ya watengenezaji wake, ni bure na ni ndogo. Tangu 2018 inazitambua kadi hizi na kuandika FAKE mbele ya jina. Tazama pia idadi ya vichakataji vidogo vilivyoorodheshwa: 1050 Ti ina 768, 550 Ti ina 192. Robo. Umelipia gunia ukapewa debe.

Silisemi hili kwa kukucheka. Mimi mwenyewe, fundi mzima, 2019 niliziagiza mbili kwa mtu ambaye sitamtaja, sikuzipima kwa sababu boksi lilikuwa na nailoni yake. Moja bado naitumia kuzuia mlango.

Na tafadhali wenye vibanda wengine mnaosoma hapa, Ujiji, Gungu, hata ndugu zetu wa Tabora: mtu akikwambia ataongeza uwezo wa mashine bila kufungua kava wala kuleta kifaa, mwulize anautoa wapi. Subiri ajibu. Usimsaidie. Mpangilio mzuri wa gemu unaweza kupunguza mzigo, usafi unaweza kurudisha nguvu iliyopotea kwa joto, lakini nguvu mpya hununuliwa ikiwa chuma. Siku hizi wamehamia kwenye simu, wanauza busta za gemu ya Free Fire kwa vijana wa shule kwa 2,000. Simu ambayo tayari ina joto inaongezewa programu nyingine ya kufanya kazi nyuma, na matangazo juu yake. Mzazi ukimwona mwanao anayo, ifute.

Urefu wa gemu nitausema kwa ufupi, maana umelinganisha vitu viwili vya maduka tofauti. Gemu ya masaa 100 ni ya mtu mwenye mashine yake nyumbani. The Witcher 3 inakula masaa 50 na ushee kwa hadithi yake kuu tu, na ni tamu, lakini mteja wako wa shilingi 500 ataanza hadithi leo, kesho atakuta mwenzake amehifadhi mchezo wake na kufuta wa kwake, mtagombana. Kibandani kinachotakiwa ni gemu yenye mwanzo na mwisho ndani ya dakika 10, yenye mshindi na mshindwa, na benchi la watu wanaosubiri aliyefungwa anyanyuke. Ndiyo maana mpira unajaza vibanda. Weka kipindi cha dakika 4 au 5, siyo zaidi, foleni ikae hai. Gemu za ngumi na za magari zinafuata. GTA iache kwa wale wanaolipia nusu saa ya kuzurura mjini, hao hawana haja ya kumaliza chochote.

Hata nyumbani, urefu peke yake haukuhakikishii chochote. Portal ya 2007 unaimaliza jioni moja na watu bado wanaisifu. Kuna gemu za masaa 80 ambazo 60 kati yake ni kukusanya majani na kupeleka barua kijiji cha pili.

Safisha kwanza, kisha tazama lile tundu la bluu. Ukilikuta, mrudie jamaa na kadi yake mkiwa na shahidi, kabla hajabadilisha namba. Usipolikuta na mashine bado inaganda, niletee asubuhi kabla jua halijakaza, pamoja na waya wake wa umeme. Hiyo flashi ya busta iache hukohuko.